Sanduku Kwanza, Buibui Baadaye

(Somo kutoka kwa mwanachama wa zamani)

 Mimi ni dada yenu niliyewahi kukalia madawati hayo hayo. Siku hizi naishi Hamburg, Ujerumani, na kazi yangu ni katika duka linalouza wanyama wa kufugwa nyumbani. Mhariri wa jarida aliniandikia kuomba somo. Alisema hivi: "Dada, katika maabara ya bayolojia tuna tangi la samaki lisilokuwa na samaki. Urefu wake ni sentimita 60, upana 30, kimo 30. Tumesikia kwamba huko Ulaya watu hufuga tarantula. Je, ni aina gani itakayolifaa tangi letu?"

Swali zuri hilo! Nami nimelipenda kwa sababu mhariri ameanza na vipimo. Wateja wengi ninaowahudumia huanza kinyume. Humwona buibui mwenye rangi ya kupendeza, wakalipa, ndipo wakaenda nyumbani kutafuta pa kumweka. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika somo hili tutaingia ndani ya sanduku kwa rula na hesabu kidogo tu, ili sanduku lenyewe limchague mpangaji wake. Baada ya hapo tutakuta kwamba swali la mhariri lina swali jingine tumboni mwake, nalo ni zito kuliko la kwanza.

1. TARANTULA NI NANI?

Jina lenyewe lina safari ndefu. Huko kusini mwa Italia kuna mji uitwao Taranto, na watu wa sehemu hizo walimwita buibui wao mmoja tarantula. Lakini yule alikuwa wa jamii nyingine kabisa, mdogo kuliko hawa tunaowazungumzia. Wazungu walipofika bara la Amerika na kuwakuta buibui wakubwa wenye manyoya, wakawabandika jina lile lile, nalo likanata.

Wajerumani humwita Vogelspinne, yaani buibui wa ndege. Sababu ni picha. Mama mmoja mchoraji, Maria Sibylla Merian, alichapisha mwaka 1705 kitabu kuhusu wadudu wa Suriname, na katika picha moja alimchora buibui mkubwa juu ya tawi akimla ndege mdogo. Watu walibishana sana juu ya picha ile, lakini jina likabaki. Nao tarantula wa Afrika kwa Kiingereza huitwa kwa jina la nyani, kwa kuwa ncha za miguu yao zinafanana na vidole vya nyani.

Basi tazameni wenyewe: mnyama mmoja, na kila kabila la watu limemwita kwa kile lilichokiona kwanza. Sisi hapa tutasema tarantula. Neno hili halina shida mdomoni mwa Mswahili. Kila silabi ina irabu yake na tunalitamka bila kujikwaa.

2. MAKUNDI MATATU

Kuna aina zaidi ya 1,000 za tarantula duniani. Ukijaribu kuzikariri zote utachoka bure. Lakini kwa mtu aliye na sanduku mkononi, aina hizo hugawanyika katika makundi matatu tu, kulingana na mahali zinapolala.

(a) Wa ardhini. Hawa hutembea chini na kujificha chini ya jiwe, gogo au katika shimo fupi. Mwili ni mzito, miguu minene, na aghalabu mwendo wao ni wa pole. Mfano ni Grammostola rosea wa Chile, Brachypelma hamorii wa Mexico mwenye magoti mekundu, na Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati, ambaye manyoya yake yamejikunja kama nywele za kipilipili.

(b) Wa mitini. Hawa ni wepesi, na nyayo zao ni pana na zinanata hata kwenye kioo. Hufuma utando mzito kama mfuko, juu huko, kati ya majani au nyuma ya ganda la mti. Mfano ni Avicularia avicularia wa Amerika Kusini, mwenye ncha za miguu za rangi ya waridi, na Caribena versicolor wa kisiwa cha Martinique. Wengine ni jamii ya Poecilotheria wa India na Sri Lanka.

(c) Wa mashimoni. Hawa ni wachimbaji. Mchana kutwa wamo chini, na usiku hukaa mlangoni mwa shimo wakingoja mdudu apite. Mfano mkubwa ni Pelinobius muticus. Kwao ni wapi? Kenya na Tanzania! Tutamrudia baadaye.

Sasa mwanafunzi mmoja atauliza, "Buibui si ni buibui tu? Kuna haja gani ya kugawa?" Haja ipo, kwa maana ukikosea kundi unaua.

Mchukue tarantula wa ardhini umtie katika sanduku refu la kwenda juu. Usiku atapanda kioo. Yeye si mpandaji stadi, na tumbo lake ni mfuko wa ngozi nyembamba uliojaa maji, kama puto. Akianguka kutoka juu, hasa juu ya jiwe, tumbo hupasuka, damu ikamtoka, akafa. Mzee mmoja alikuja dukani akilalamika kwamba buibui wake wa Chile alikuwa mgonjwa tangu siku ya kununuliwa. Nilipomuuliza kimo cha sanduku, alininyoshea mkono kutoka sakafuni hadi kifuani pake. Jamani! Buibui yule hakuwa mgonjwa. Alikuwa amepangishwa ghorofani bila ngazi.

Mchukue wa mitini umtie katika sanduku fupi, lenye udongo uliolowa na matundu machache ya hewa. Hewa itachacha mle ndani, naye atakufa kimya kimya. Naye wa mashimoni akipewa udongo wa vidole viwili tu, atajikunyata pembeni mchana na usiku, kila mtu akipita anashtuka, na huenda akakataa hata kula. Huo si ufugaji, ni kifungo.

3. SHUBIRI YA BUIBUI

Kipimo cha kwanza si cha sanduku bali cha buibui. Hupimwa akiwa amejinyosha, kutoka ncha ya mguu wa mbele wa upande mmoja hadi ncha ya mguu wa nyuma wa upande wa pili. Ninyi mnajua kupima meza kwa shubiri, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Basi mimi nakiita kipimo hiki "shubiri ya buibui". Neno tunalo, kwa nini tukope?

Jambo moja la kukumbuka: pima kwa shubiri ya mtu mzima, hata kama yule unayemwona dukani ni mtoto mwenye ukubwa wa kucha. Mtoto atakua.

Kabla ya kanuni, tuelewane pia kuhusu maneno, maana hapa ndipo hata wakubwa huchanganyikiwa. Urefu ni upande mrefu wa sakafu. Upana ni upande wake mfupi. Kimo ni kutoka chini kwenda juu. Kina ni kutoka juu ya udongo kwenda chini. Mtu akikuambia "sanduku langu ni refu", muulize: refu la kulala au refu la kusimama? Majibu hayo mawili yanahitaji buibui wawili tofauti.

Kanuni tunazotumia wafugaji ni hizi:

Wa ardhini: urefu uwe angalau shubiri 3, upana shubiri 2. Kutoka juu ya udongo hadi kifuniko isizidi shubiri 1 na nusu.

Wa mitini: kimo kiwe shubiri 3 hadi 4, na sakafu angalau shubiri 2 kwa 2. Ndani pawe na gogo au ganda la mti lililosimamishwa.

Wa mashimoni: udongo uwe na kina cha shubiri 2 kama inawezekana, nao ushindiliwe ili shimo lisibomoke. Juu ya udongo ibaki nafasi ya shubiri 1 hivi.

Kanuni hizi si sheria za Musa. Mfugaji mzoefu anaweza kupunguza hapa na kuongeza pale. Lakini kwa anayeanza, zinatosha kumwokoa buibui.

4. HESABU YA TANGI LENU

Sasa tulete tangi la maabara: 60 kwa 30 kwa 30. Tuwaite wapangaji mmoja mmoja.

Wa kwanza ni wa ardhini. Ili kujua mkubwa kabisa anayeweza kukaa humo, gawanya urefu kwa 3, gawanya upana kwa 2, kisha chukua jibu lililo dogo. 60 gawanya kwa 3 ni 20. 30 gawanya kwa 2 ni 15. Jibu dogo ni 15. Kwa hiyo tangi linamfaa tarantula wa ardhini mwenye shubiri isiyozidi sentimita 15. Yule wa nywele za kipilipili hufikia kama sentimita 14. Anaingia!

Lakini ngoja, usishangilie. Kimo je? Shubiri 1 na nusu ya sentimita 14 ni sentimita 21. Tangi lina 30. Zimezidi 9. Hatuwezi kulikata tangi, ila tunaweza kuinua sakafu. Tia udongo wa kina cha sentimita 10, na sasa nafasi iliyobaki juu ni 20. Udongo huo ni kiasi gani? 60 mara 30 mara 10 ni sentimita 18,000 za ujazo, yaani lita 18. Hiyo ni karibu debe moja. Sisi huku hutumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, au udongo wa kawaida usiokuwa na mbolea wala dawa ya wadudu. Dawa ya wadudu haijui kutofautisha mende na buibui.

Wa pili ni wa mitini. Avicularia avicularia hufikia sentimita 13 hivi. Shubiri 3 ni 39, shubiri 4 ni 52. Tangi lina kimo cha 30 tu. Hapana! Lakini mtu mwenye akili atalisimamisha tangi kwa upande wake mfupi. Sasa kimo ni 60, na sakafu ni 30 kwa 30. Mdomo wa tangi umegeuka kuwa mlango wa mbele. Ukitengeneza mlango imara wenye matundu ya hewa, na matundu mengine upande wa pili ili hewa ipite, tangi lile lile limekuwa nyumba ya mtini. Mnaona? Tangi ni moja, ukiligeuza linamkaribisha mgeni mwingine.

Wa tatu ni jitu la Amerika Kusini, Theraphosa blondi, ambaye shubiri yake huweza kufika sentimita 28. Mara 3 ni 84. Tangi lina 60. Samahani bwana mkubwa, nenda nyumba ya jirani.

Wa nne ni mwenyeji wetu, Pelinobius muticus. Tuseme ni jike wa sentimita 18. Kina cha udongo, shubiri 2, ni 36. Nafasi ya juu ni 18. Jumla ni 54. Tangi lina kimo cha 30. Hata ukilijaza udongo hadi pomoni, halitoshi! Na ukilisimamisha liwe na kimo cha 60, udongo pekee utakuwa 30 mara 30 mara 36, yaani zaidi ya lita 32, ukisukuma vioo vilivyogandishwa kwa gundi, na kimoja chake ni mlango. Mimi nisingethubutu.

Kwa hiyo kwa upande wa hesabu, jibu la mhariri ni hili: tangi likilala ni la tarantula wa ardhini mwenye shubiri isiyopita 15, likisimama ni la wa mitini, la mchimbaji mkubwa si lake kamwe.

5. MAMBO YASIYOPIMWA KWA RULA

Sanduku likishapita mtihani wa hesabu, kuna mtihani wa pili, ambao rula haiwezi kuusahihisha.

Unyevu. Tarantula wa Chile, wa Mexico na wa jangwa la Arizona wanataka udongo mkavu na kisahani cha maji. Jitu Theraphosa anataka udongo wenye unyevu wakati wote. Usimlazimishe wa jangwani aishi kinamasi.

Kifuniko. Wavu wa waya una madhara. Kucha za buibui hunasa katika vitundu vyake, akaning'inia, na wakati mwingine hukatika mguu. Kifuniko cha plastiki au kioo cha plastiki kilichotobolewa matundu madogo ni bora. Tena kifungwe vizuri, maana buibui ana subira na usiku ni mrefu.

Tabia. Tarantula wengi wa Amerika hujikinga kwa kukwangua manyoya ya tumboni na kuyarusha. Yakiingia jichoni, utalia! Wa Afrika na Asia hawana manyoya hayo. Silaha yao ni mbio na meno. Pterinochilus murinus, ambaye pia ni wa Afrika Mashariki, ni mdogo kuliko wengi lakini ni mkali kama pilipili mbuzi. Hurupuka kabla hujafumba jicho, na akiuma maumivu si ya mchezo. Wa jamii ya Poecilotheria akiuma huweza kumletea mtu mikazo mikali ya misuli. Kwa hiyo sanduku likiwa mahali ambapo mikono mingi hufungua fungua, aina hizi zisitajwe kabisa, hata kama hesabu imekubali.

Kujivua. Tarantula hukua kwa kujivua ngozi, na wakati huo mara nyingi hulala chali. Watu wengi hudhani amekufa wakamtupa. Usimguse, wala usimwachie mende au nyenje ndani, maana ngozi mpya ni laini na mdudu anaweza kumtafuna.

Mtoto. Tarantula mchanga hatiwi katika sanduku la mtu mzima. Atapotea humo, na chakula chake kitapotea pia. Huanzia kwenye kikopo kidogo chenye matundu, akahamishwa kadiri anavyokua.

Umri. Hapa ndipo wengi hufungua macho. Dume akishabalehe hana maisha marefu. Lakini jike wa jamii nyingi za ardhini huweza kuishi miaka 20 na zaidi. Hebu fikirieni! Ukimnunua ukiwa na miaka 16, atakuwa nawe ukiwa na miaka 36, huenda una watoto wanaosoma. Je, tangi la maabara litamtunza nani wakati wa likizo? Nani atamrithi mkimaliza shule? Sanduku lina urefu, upana na kimo, lakini pia lina muda, na huo muda hauonekani kwenye kioo.

6. YULE WA KWETU

Sasa tufike kwenye lile swali lililofichama. Mhariri hakulitaja, ila najua jinsi vijana wanavyofikiri, maana nami nilikuwa kijana. Tarantula wa Mexico atatoka wapi? Yuko mbali. Lakini mashimo ya buibui wa kwetu yapo. Jembe lipo. Tangi lipo. Mtu atasema, "Twendeni tukachimbe mmoja."

Hesabu imekwisha kukataa, lakini nataka niseme zaidi ya hesabu.

Pelinobius muticus alielezwa kisayansi mwaka 1885 na Mjerumani aitwaye Ferdinand Karsch. Ana rangi ya kutu. Miguu yake ya nyuma ni minene na imepinda, yote kwa ajili ya kuchimba. Ukimkaribia hunyanyua miguu ya mbele na kutoa sauti ya kufoka kwa kusugua viungo vyake. Hukua polepole mno, miaka na miaka. Huku Ulaya wafugaji humpenda sana. Nimewahi kumwona akiuzwa, ametiwa katika kijisanduku cha plastiki chenye udongo wa vidole vitatu, karatasi ya bei imebandikwa juu. Mteja aliyekuwa kando yangu alisema, "Mbona hafanyi chochote?" Atafanya nini? Kazi yake ni kuchimba, na hana pa kuchimba.

Niliuliza swali ambalo sasa humfundisha kila mteja kuuliza: "Huyu amezaliwa wapi?" Kuna buibui waliozaliwa mikononi mwa wafugaji, na kuna waliong'olewa porini. Kwa mnyama anayekua polepole, tofauti hiyo ni kubwa. Ukimchimbua jike mmoja mzima, umeondoa kazi ya miaka mingi kwa jembe la dakika kumi, na watoto ambao angewazaa hawapo tena. Ndiyo maana mataifa yamekubaliana kudhibiti biashara ya baadhi ya tarantula kupitia mkataba wa CITES. Jamii ya Brachypelma imo, na Poecilotheria wakaingizwa mwaka 2019. Pelinobius wetu ni nani wa kumlinda? Kwanza kabisa ni sisi wenyewe.

Tena sheria ipo. Kenya ina Sheria ya Kuhifadhi na Kusimamia Wanyamapori ya mwaka 2013, na mnyamapori si simba na ndovu tu. Waliodhani hivyo waliona cha mtema kuni. Mwezi Aprili 2025 vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa Kenya wakiwa na malkia wa chungu wapatao 5,000, wametiwa katika vijichupa vyembamba vyenye pamba, tayari kwa soko la wafugaji wa ng'ambo. Mwezi Mei 2025 mahakama iliwatoza wao na watu wengine wawili faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Chungu, jamani! Yule mnayemkanyaga mkienda bwenini bila kumtazama. Ikiwa chungu ana mwenyewe, seuze buibui wa miaka 20?

Hata kumleta tarantula wa kigeni si jambo la kutia mfukoni ukashuka nalo uwanja wa ndege. Panahitajika vibali, na wa kuulizwa kwanza ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

7. HITIMISHO

Kwa hiyo, mhariri wangu, jibu langu la mwisho ni kwamba tangi lenu linamfaa tarantula wa ardhini, mwenye shubiri ya sentimita 14 hivi, aliyezaliwa katika ufugaji, mwenye vibali, na aliye na mtu wa kumtunza kwa miaka 20. Mkiyapata hayo yote, debe moja la udongo lawatosha. Likikosekana hata moja, tangi na likae tupu la tarantula.

Lakini si lazima likae tupu kabisa. Mtieni mende wa jikoni. Msicheke! Mende naye hujivua ngozi, hujificha mchana na kutoka usiku kama tarantula, na hakuna atakayewadai kibali. Pakeni mafuta ukingo wa juu ili asipande, funikeni vizuri mwalimu asije akawafukuza, kisha andikeni kila siku mnachokiona, kwa Kiswahili. Mtashangaa jinsi mtakavyokosa maneno, na jinsi mtakavyoyapata.

Na mkiwa na mwalimu, mkibahatika kuliona shimo la buibui mkubwa, vaeni viatu, simameni hatua chache kando, mwangaze kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu. Ngojeni. Akijitokeza mlangoni, mtaona kile ambacho wateja wangu wa Hamburg hulipia pesa nyingi na bado hawakioni: buibui aliye nyumbani kwake, katika udongo wenye kina cha kutosha, ambao hakuna aliyeupima.

ZOEZI

1. Sanduku lina urefu wa sentimita 45, upana 30 na kimo 30. Tarantula wa ardhini mkubwa kabisa anayelifaa awe na shubiri ya sentimita ngapi? Udongo uwe na kina gani angalau?

2. Tarantula wa mitini ana shubiri ya sentimita 15. Taja kimo cha sanduku lake, kutoka kidogo kabisa hadi kikubwa.

3. Tunga sentensi nne kuonyesha tofauti ya maneno haya: urefu, upana, kimo, kina.

4. Eleza kwa maneno yako kwa nini tarantula wa ardhini hafai kuwekwa katika sanduku la kusimama.

5. Mjadala: "Mnyama anayeingia katika sanduku lako si lazima awe mnyama anayepaswa kuingia." Kubali au upinge.

Majibu mpeni mlezi wa chama, nami mnitumie yale ya swali la tano. Nawatakia heri, na Kiswahili kitukuzwe!

Dada yenu, mwanachama wa zamani,
Hamburg, Ujerumani.